Mwenzake wa Zamu ya Saa Kumi

Wanawake wenzangu hapa Donholm, Nairobi, walikuwa wananihurumia kwa kitu ambacho hakikunisumbua hata kidogo. Walisikia mume wangu ni baharia, wakaanza kunihesabia wanawake wa bandarini, wa Durban, wa Karachi, wa huko Singapore. Mama mmoja msusi wa ghorofa ya chini kila akiniona huniambia, "Mama, wewe lala jicho moja wazi." Nacheka tu. Mwanamke wa bandarini ningejua namna ya kumwonea wivu na namna ya kumalizana naye. Aliyenikosesha raha ni mwanamume wa Mombasa mwenye upara, aliyenizidi miaka ishirini hivi, mtu ambaye kwa miaka mingi sikuwahi kumwona kwa macho.

Alikuwa mwenzake wa zamu. Kwenye meli siku hukatwa vipande vya saa nne nne, na kila kipande kina watu wake. Mume wangu na huyo mtu walipewa kipande cha saa kumi hadi saa mbili, alfajiri na tena jioni. Mmoja anashika usukani, mwingine anasimama pembeni kutazama bahari, halafu wanabadilishana. Meli ikiingia bandarini, wote wawili wanashuka sitaha ya nyuma kufunga kamba. Walikuwa wameshaenda safari tano pamoja, kila safari miezi tisa. Siku moja nikishona mifuko ya sare za shule nilijumlisha kichwani, nikaona kwamba katika miaka saba ya ndoa yangu huyo mtu ameishi na mume wangu muda mrefu kuliko mimi. Sindano ilinichoma kidole.

Nina hasira za karibu, sikatai. Mama yangu anasema nilizaliwa nimekunja uso. Lakini wivu huu haukuwa wa hasira peke yake. Mume wangu ni mtoto wa Eastlands kamili, alizaliwa Dandora, bahari aliijua kwenye kalenda ya ukutani, na nilipomkubali alikuwa karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilidhani namjua mwanzo mpaka mwisho. Alipokwenda Mombasa kusomea ubaharia nilimpa baraka zote. Aliporudi kutoka safari ya kwanza, akaketi kwenye kochi, akapiga simu Mombasa, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia. Kirefu, cha tumboni, mpaka machozi. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi nikajiuliza kicheko hiki kilikuwa kimefichwa wapi siku zote.

Nikamuuliza, "Mnacheka nini?"

"Aah, mambo ya meli tu. Hutaelewa."

Basi hiyo 'hutaelewa' nililala nayo.

Mambo mengine niliyaelewa bila kuambiwa. Alikuwa hakanyagi kamba. Hata kamba ya kuanikia nguo ikiwa chini sakafuni, anazunguka, kisha anairudia, anaiokota na kuikunja duara juu ya duara hadi iwe nadhifu, anaitundika. Binti yetu alipokuwa mdogo alipenda kukaa katikati ya kamba ya kuruka akicheza, na baba yake akimwona hivyo anamnyanyua haraka kana kwamba kuna moto. Nilidhani ni mazoea tu. Sababu niliijua siku niliyomsikia kwenye simu akimwambia yule mtu, "Buda, hata mimi bado nikifumba macho naiona ile kamba." Nilipombana akasema kwamba mwaka fulani, kamba ya kufungia meli ilikatika ikiwa imevutika mpaka mwisho, ikarudi kwa kishindo pale alipokuwa amesimama, na mwenzake alimkamata kola akamvuta chini. Ilipita juu ya vichwa vyao ikapinda reli ya chuma.

"Mwaka gani?"

"Ule wa pili."

Huo mwaka wa pili wa ubaharia wake ulikuwa umeshapita miaka minne. Miaka minne nilikuwa nalala kando ya mtu aliyeponea chupuchupu, na aliyejua ni mwingine. Ningepaswa kumshukuru huyo mwingine, najua, na kila mtu ninayemsimulia huniambia hivyo. Sikumshukuru. Nilimchukia zaidi, kwa sababu ningemshindaje mtu aliyemwokoa mume wangu? Mimi nilikuwa nimempikia tu.

Na kuna lile la binti yetu. Nilipojifungua mara ya kwanza, mume wangu alikuwa mbali baharini, na wakati huo kwenye meli yao ujumbe ulikuwa unaingia kwenye kompyuta moja tu ya watu wote. Ndugu yangu aliandika kwamba ni msichana na sote wawili tuko salama. Mume wangu alikuwa usingizini. Aliyeukuta ujumbe ni yule yule. Ndiye aliyekwenda kumgongea mlango na kumwambia, "Yakhe, una binti." Mume wangu husimulia jambo hilo kwa furaha, jinsi walivyokumbatiana kwenye ujia wakiwa na soksi tu. Mimi nikisikia najisikia nimeibiwa. Habari ya tumbo langu ilifika kwa mtu mwingine kwanza.

Kuna tabia moja zaidi ambayo lazima niieleze, maana kila kitu kilisimama juu yake. Mume wangu akiwa nyumbani anarudia kila anachoambiwa. Nikimwambia, "Niletee maziwa paketi mbili na vitunguu," anajibu, "Maziwa paketi mbili na vitunguu," ndipo anatoka. Mwanzoni nilidhani ananikejeli. Tuligombana kweli kweli. Nilimwambia hii ni nyumba, si kambi ya jeshi, na mimi si mwalimu wa darasa la kwanza. Akaniomba radhi, kesho yake akarudia tena.

Binti yetu ndiye aliyenifanya nielewe. Alipofika miaka sita alitaka kujua baba anafanya kazi gani hasa, baba yake akamketisha kwenye kigoda na kumpa mfuniko wa beseni awe ameshika usukani. Yeye akasimama nyuma yake na mikono mgongoni.

"Kulia kumi," akasema.

"Kulia kumi," binti akarudia, akazungusha mfuniko.

"Nyoosha."

"Nyoosha."

Wakaenda hivyo mpaka wakafika jikoni, nikawafukuza. Binti akauliza, "Na nisiporudia, baba?"

"Basi najua hujasikia. Nasema tena."

"Na kama wewe pia huwezi kusema tena?"

Akafikiri kidogo. "Basi unabaki na ile ya mwisho uliyoirudia. Hugeuzi kitu kwa kukisia. Amri isiyorudiwa haijafika, na ile iliyorudiwa ndiyo inasimama, hata ukae nayo siku nzima."

Niliyasikia hayo nikiwa nasukuma chapati. Niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, na wiki tatu baadaye nikafanya nilichofanya.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi sita na nusu. Mume wangu alikuwa ameshakaa nyumbani miezi minane akingoja kazi, na alikuwa ameniahidi, mkono wake juu ya tumbo langu, kwamba safari hii haendi popote kabla mtoto hajazaliwa. "Huyu nitampokea mwenyewe," alisema. Nilimwamini kwa mdomo. Moyoni nilikuwa namwangalia. Nilimwona akitoa vyeti vyake kwenye bahasha, akivipanga, akivirudisha. Nilimwona akijaribu viatu vya kazi, vile vyenye chuma mbele, akitembea navyo sebuleni kutoka dirishani hadi mlangoni. Mtu aliyeamua kubaki hajaribu viatu.

Nilijua pia kwamba yeye na mwenzake waliposhuka melini mara ya mwisho walikubaliana: kazi ikitokea, yeyote atakayeisikia kwanza aandikishe majina yote mawili. Ilikuwa desturi yao. Hakuna anayependa kusimama kwenye kamba na mtu asiyemjua. Nilimuuliza, "Umemwambia kwamba safari hii huendi?"

"Nimemwambia una mimba."

"Hiyo si kumwambia."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alikuwa anataka yote mawili, mtoto na bahari, na alikuwa anangoja mtu mwingine amchagulie. Hilo nalisema leo bila kinyongo kikubwa.

Jumanne asubuhi, siku ya maji kufunguliwa, alipanda juu kwenye paa kujaza tangi. Simu yake ilikuwa inachajiwa kando ya cherehani yangu. Ikalia kidogo. Nikaona ule ujumbe ni wa sauti, wa dakika moja na nusu, umetoka Mombasa.

Sikusita. Nikafungua. Ile sauti ya kivivu ya pwani ikasema, "Yakhe, kazi imepatikana. Meli ya makontena, ile ile, mimi na wewe, sitaha ya nyuma kama kawaida. Sasa nisikilize."

Sikumsikiliza. Damu ilinipanda. Nilizima, nikaufuta, nikairudisha simu pale pale na waya wake, nikaendelea kushona mfuko wa kaptura. Mume wangu alishuka na suruali iliyolowa magotini akauliza kama kuna mtu amepiga. Nikamwambia hakuna. Hakuna aliyepiga kweli, kwa hiyo hata uongo sikusema, ndivyo nilivyojiambia. Siku ile yote nilikuwa mwepesi. Nilimpikia ndengu alizopenda. Nilihisi nimeshinda vita vya miaka saba kwa kidole kimoja.

Ikapita wiki moja. Jumatano iliyofuata simu ikalia, wakala wa mabaharia wa Mombasa, akisema majina yote mawili yamepita na tiketi ziko tayari, wanapanda ndege hapa Nairobi baada ya siku kumi kwenda kuikuta meli.

Mume wangu alikaa kitako kwenye mkono wa kochi. Nilimwona usoni vitu viwili vikipishana, furaha kwanza, halafu hofu ya kunitazama. Akampigia mwenzake papo hapo.

"Umeandikisha na langu?"

Nilisikia upande wa pili, "Ndiyo, si ndivyo tulivyokubaliana?" Kukawa na kimya kidogo kama vile kila mmoja anamngoja mwenziwe aseme kitu.

Nilimpa makavu usiku na mchana. Nilimwambia apige akatae. Akasema akijitoa baada ya tiketi kukatwa, wakala atalipeleka jina lake chini kabisa na huenda asiitwe tena, na mwenzake atasimama kwenye kamba na mgeni. Ile ya mwisho ndiyo aliyoisema kwa sauti ya chini. "Na mimi nitasimama na nani leba?" nikamuuliza. Hakurudia. Aliangalia tu mikono yake. Kumbe ningeweza kusema neno moja, niliufuta ujumbe, na labda mambo yangeenda kwingine. Nililimeza. Lawama yote nikaisukuma Mombasa, kwa yule mwenye upara, na nikaapa kwamba akikanyaga nyumbani kwangu atanijua.

Alikanyaga. Siku ya safari alikuja na treni ya asubuhi, akafika kwetu saa tisa alasiri ili waondoke pamoja jioni kwenda uwanja wa ndege. Nilikuwa nimemwandalia chakula kwa makusudi mabaya. Mtu wa pwani anatarajia wali wa nazi, pilau, kitu cha harufu. Mimi nikapika muthokoi wa kwetu Ukambani, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sikuweka hata karoti.

Aliingia, akavua viatu, akaviweka sawa na kuvisogeza vya kila mtu ukutani ili mtu asijikwae. Alikuwa mfupi, mwembamba, na sikio moja lilikuwa halisikii vizuri. Akanisalimu kwa heshima, "Shemeji, habari za siku nyingi," utadhani tulijuana zamani. Akampa binti yangu pakiti ya halua. Nikamwekea sahani nikangoja akunje uso. Akala yote, akaomba nyingine.

"Huu umepikwa kama wa mama yako," akasema. "Huwa anaweka chumvi mwisho, mumeo ametueleza. Mumeo hutupikia Jumapili, lakini wake haufikii huu."

Nilitaka kumnyang'anya sahani. Hata chumvi ya mama yangu aliijua.

Ndipo nikalipuka. Nilimwambia, mbele ya mume wangu, mbele ya mtoto, kwamba ana roho ngumu. Nilimuuliza, analiona tumbo hili? Mara ya kwanza alimchukua nikazaa peke yangu, na sasa amemchukua tena, na hakuwa na subira ya miezi miwili na nusu. Nilimuuliza huko kwao hakuna mwanamume mwingine anayejua kufunga kamba.

Aliweka kijiko chini.

"Shemeji," akasema, "mimi ndiye niliyemwambia abaki."

Mume wangu akageuka. "Uliniambia lini?"

"Kwenye ile sauti."

"Sauti gani?"

Yule mtu akatoa simu yake mfukoni, akapekua, akaiweka katikati ya meza na kuibonyeza. Nikaisikia tena ile sauti ya kivivu: kazi imepatikana, meli ya makontena, mimi na wewe, sitaha ya nyuma kama kawaida. Sasa nisikilize. Na safari hii sikuwa na namna ya kuizima.

"Sasa nisikilize. Mkeo ana mimba, na uzazi wa kwanza uliukosa. Mimi naona ubaki. Nitasimama na mwingine, sitakufa. Lakini siwezi kukutolea jina bila neno lako, maana tulikubaliana majina mawili. Kesho naingia chuoni mafunzo ya kuzima moto, simu tunaziacha langoni. Natoka Ijumaa asubuhi, orodha inafungwa adhuhuri. Nikikuta umesema unabaki, nakutoa. Nikikuta hujasema kitu, basi naacha majina kama yalivyo. Msalimie shemeji."

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai, nikaendelea kuishika.

"Sikuipata," mume wangu akasema. "Wallahi sikuipata. Ningekujibu."

Yule mtu aliinama kuitazama simu yake. Nilijua anachokitazama. Kando ya ujumbe wa sauti huwa kuna alama ndogo ya kipaza sauti, na ukishasikilizwa inageuka buluu. Ile ilikuwa buluu. Alikuwa ameiona siku ile ya Ijumaa, akaamini kwamba rafiki yake amesikia na amechagua kunyamaza, na kwao kunyamaza maana yake ni moja: makubaliano ya mwisho yanasimama. Sasa aliinua macho, akamtazama mume wangu, kisha akanitazama mimi. Hakuharakisha. Halafu akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

"Mtandao," akasema. "Siku hizi mtandao unakula vitu."

"Ndiyo," nikasema mimi. "Mtandao siku hizi."

Mume wangu alipoingia chumbani kufunga begi, yule mtu alikuja jikoni na sahani yake. Alisimama mbali kidogo, mlangoni. Alisema polepole, akinigeuzia lile sikio zima, "Shemeji, mimi neno hilo silisemi. Ni lako. Mwambie wewe mwenyewe." Akaweka sahani kwenye sinki na kutoka. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia, kwa sababu hakunichukia.

Waliondoka saa kumi na moja. Binti yangu aliwapungia kutoka dirishani na mfuniko wa beseni. Sikumwambia mume wangu kitu. Alinikumbatia akasema, "Nitapiga kila siku mtandao ukiwepo," na mimi nikasema sawa.

Nilikaa na lile neno wiki kumi. Alipiga, si kila siku, lakini alipiga, maana siku hizi meli yao ina mtandao wa setilaiti. Kila simu nilikuwa najiambia leo. Nikiona nyuma yake mkono wa yule mtu ukipita na kikombe, neno linarudi chini. Nilikuwa nawaza, yeye analijua, mume wangu halijui. Wanalala meli moja na siri yangu. Nilikuwa nimemlaumu mume wangu miaka yote kwa kumwachia mtu yule mambo ya nyumba yangu, na sasa mimi ndiye niliyemwachia kubwa kuliko yote.

Uchungu ulinishika Alhamisi asubuhi nikiwa sokoni Muthurwa kununua uzi na zipu. Mwenye duka la vitambaa, mama wa Kisomali ninayenunua kwake siku zote, alifunga duka na kunipeleka hospitali mwenyewe. Alasiri nilikuwa nimejifungua. Mvulana. Ndugu yangu alikuja mbio na simu mkononi tayari kuandika. Nikamzuia.

"Usimwandikie mtu. Huyu nitamtangaza mimi."

Nilimpigia mume wangu. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu kwetu, na kwa meli ilikuwa saa hiyo hiyo kwa kuwa walikuwa wanaingia Bahari ya Shamu. Simu ikapokewa. Haikuwa sauti yake.

"Shemeji. Yuko kwenye usukani. Simu aliiacha hapa mezani pa chai."

Nilifumba macho. Ilikuwa inatokea tena, ile ile, yeye kwanza. Nikasema, na nilisema vibaya, "Siwezi kukwambia wewe."

"Usiniambie," akasema haraka. "Sitaki kusikia. Ngoja."

Nikasikia viatu vya chuma vikipanda ngazi, nyingi, na kuhema kwake. Nikasikia mlango mzito. Aliiacha simu nje kidogo ya mlango, nadhani, kwa sababu sauti zilikuja kwa mbali, kwanza akimwomba afisa wa zamu ruhusa, kisha mume wangu akitaja namba ya uelekeo wa meli.

"Mia tatu thelathini."

"Mia tatu thelathini," yule mtu akairudia. "Usukani ninao."

Walikuwa kwenye mlango mwembamba wa bahari, ambako meli inaongozwa kwa mkono, na yule mtu alikuwa na haki ya kumaliza chai yake. Aliiacha. Dakika moja baadaye mume wangu alikuwa na simu sikioni, na hakuna mtu duniani aliyekuwa amejua kabla yake isipokuwa waliokuwa na mimi chumbani.

"Ni mvulana," nikasema. "Kilo tatu na nusu. Tuko salama wote wawili."

"Mvulana," akasema. "Kilo tatu na nusu. Mko salama wote wawili." Sauti ikamkatika hapo, na mimi nikalia naye.

Ningeweza kuishia hapo. Ilikuwa siku nzuri, na kila mtu angenisamehe kwa kuiacha iwe nzuri. Lakini nilimfikiria yule mtu ndani ya kile chumba, ameshika usukani wa mwenzake ili mimi niwe wa kwanza, na neno langu bado amelibeba.

"Ile sauti ya rafiki yako haikuliwa na mtandao," nikasema. "Niliifungua mimi. Nikasikia mwanzo wake, nikaifuta."

Nilisikia upepo na ngurumo ya injini. Mtoto alikuwa amelala kifuani mwangu na ndugu yangu alikuwa amegeuka ukutani akijifanya hasikii. Katika miaka yote ya kurudiarudia, maziwa, vitunguu, paketi mbili, hii ilikuwa mara ya kwanza nangoja kwa hamu mume wangu arudie nilichosema. Hakurudia. Basi nikajua la kufanya, maana nilisikia akimfundisha mtoto.

Nikasema tena. "Niliifuta mimi. Ungekuwa hapa leo."

Nikamfunika mtoto vizuri.

"Uliifuta wewe," akasema mwishowe, taratibu, bila kuruka neno. "Ningekuwa hapo leo."

Halafu akasema zamu bado haijaisha. Nikasikia mlango, nikasikia wakipeana ile namba, mmoja anaitaja, mwingine anaichukua, na simu ikakatika.